Kokeini, meth na VVU: tatizo si sindano peke yake

Dhana: "Mimi nanusa tu, sijidungi. VVU vinanihusu nini?"

Kuchangia sindano ni hatari, hakuna ubishi. Lakini dawa ikipita puani au kwa moshi, damuni inafika vilevile, na humo inakutana na seli za kinga. VVU haviingii kwenye seli ya CD4, seli ya kinga ambayo VVU hushambulia zaidi, kwa kupenda tu: vinashika kwanza protini ya CD4 iliyo juu ya seli hiyo, kisha protini nyingine, mara nyingi CCR5. Maabara zimeonyesha kokeini na methamfetamini (meth) huweza kuongeza CCR5 juu ya seli. Tena kuna seli za CD4 zilizotulia, ambazo kwa kawaida virusi huzaliana humo kwa shida. Kokeini huziamsha kidogo, na kidogo hicho kinatosha virusi kuzaliana.

Halafu kuna dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupeana ujumbe. Tumezoea kuitaja kwenye habari za raha na ubongo, kumbe makrofaji, seli zinazomeza vijidudu, nazo zina vipokezi vyake. Vichangamshi, yaani dawa kama kokeini na meth, huifurisha ubongoni, na majaribio yanaonyesha dopamini nyingi huvirahisishia VVU kuingia kwenye makrofaji. Na huko kwenye dopamini nyingi, virusi hufika mapema, ndani ya wiki za mwanzo za maambukizi.

Dhana: "Nakesha siku mbili sichoki, basi kinga yangu iko juu."

Hiyo ni stimu. Mwili usiolala wala kula kinga yake inashuka.

Dhana: "Wanaotumia hudhoofika kwa kuwa hawamezi ARV."

Nusu ya ukweli. Kuruka dozi kunachangia sana. Lakini utafiti wa Miami uliotolewa mwaka 2009 ulifuatilia watu 222 wenye VVU waliokuwa wakitumia dawa za kulevya, kwa miezi 30. Wavutaji wa crack, yaani kokeini ya kuvuta, walikuwa na hatari karibu mara mbili ya idadi ya seli za CD4 kushuka hadi 200 kwa mikrolita ya damu, hata baada ya matumizi ya ARV kuzingatiwa.

Dhana: "Ukishatumia, ruka ARV, zitagongana."

Kwangu hii ndiyo mbaya kuliko zote. ARV hufanya kazi hata kwa anayetumia, mradi azimeze. Na virusi vikikaa chini ya nakala 200 kwa mililita, haviambukizi kwa ngono. Mgongano upo, ila dawa zinazohusika zinajulikana: ritonaviri na kobisistati, zinazoongezwa ili kupandisha nguvu ya baadhi ya ARV, huweza kupandisha methamfetamini kwenye damu, na kuna vidonge vya usingizi, kama midazolamu, ambavyo navyo huwa hatari pamoja nazo. Kwa hiyo mwambie daktari unachotumia, pamoja na vile vya kushushia stimu. Anaweza kukupangia dolutegraviri, ARV isiyo na tatizo hilo.