Si kila kiungo kinachouma ni baridi

Jumatatu kliniki, mama wa watu kutoka Rungwe ameketi mbele yangu na glavu za sufu mikononi. "Daktari, hii baridi imenishika mwaka wa pili sasa."

Jamani! Hapa Mbeya kila goti, kila kidole, kila kiuno ni baridi, na jina lenyewe, baridi yabisi, ndilo linalotuponza. Makete ndiyo usiseme. Kama baridi ndiyo ingekuwa chanzo, Dar es Salaam na Tanga wasingekuwa na wagonjwa wa viungo, na wako tele.

Osteoathraitisi, moja ya magonjwa mawili tunayoyaita baridi, naipitia haraka. Gegedu, ule mto laini kwenye ncha za mifupa, limelika, goti au nyonga inauma ukipanda mlima, inatulia ukipumzika. Umri, uzito, jeraha la zamani. Dawa ya kwanza ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, na kupunguza uzito kwa aliyenenepa.

Rumatoidi ni jambo jingine kabisa: kinga ya mwili inashambulia utando wa ndani wa kiungo, na isipozuiwa mapema inakula mfupa. Wanawake huipata mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume, wengi wakiwa bado na nguvu za kulima.

Vitabu vinasema uliza viungo vinakakamaa muda gani asubuhi: chini ya nusu saa ni osteoathraitisi, saa nzima na zaidi ni rumatoidi. Nani anaamka akaangalia saa? Mimi nauliza kazi. Mama huyu ana ng'ombe. Saa kumi na mbili asubuhi vidole havifumbi, mwanawe ndiye anayekamua. Saa nne anashika jembe. Anavyozidi kuutumia mkono ndivyo unavyofunguka.

Akavua glavu. Vifundo vya ngumi vimevimba mikono yote miwili, laini kama parachichi lililoiva. Vile vya karibu na kucha vizima. Osteoathraitisi ya vidole hupenda huko huko karibu na kucha, na uvimbe wake ni mgumu kama mfupa. Nilipombana kiganja kidogo tu kwa pembeni, akavuta mkono.

Kipimo cha damu cha rumatoidi nacho hakimalizi ubishi. Wapo wenye rumatoidi ambao majibu yao ni hasi, na wapo wazee wasio na ugonjwa wowote wa viungo ambao majibu yao ni chanya. Na baridi? Juni na Julai wagonjwa wangu hulalamika zaidi, nami nawaamini, ingawa tafiti zinapingana. Lakini kuchochea maumivu si kuleta ugonjwa.

Kinachonichoma ni ile miaka yake ya diklofenaki, vidonge vya maumivu, za dukani. Maumivu yalitulia, viungo vikaendelea kuliwa kimyakimya, tumbo likaanza vidonda. Sasa ameanza methotreksati, dawa ya kuizuia kinga isishambulie viungo, mara moja kwa WIKI. Ukiimeza kila siku inaweza kukuua, kwa hiyo siwaachii wagonjwa waondoke kabla hatujataja siku.

Alichagua Jumapili, akitoka kanisani.