Django Reinhardt: yanayosemwa na yaliyokuwa

Katika simulizi nyingi zinazomhusu Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi aliyezaliwa Januari 23, 1910 katika kijiji cha Liberchies, Ubelgiji, moto hutangulia na muziki hufuata nyuma. Ndiyo maana dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mkono wake wa kushoto ulibaki na vidole viwili tu, vingine vikiwa vimekatwa. Havikukatwa. Mwishoni mwa mwaka 1928, nyumba ya magurudumu aliyokuwa akiishi na mkewe pembezoni mwa Paris ilishika moto, na maua ya bandia ya seluloidi ambayo mkewe alikuwa akiyatengeneza kwa ajili ya kuuza yakauchochea. Mguu wake wa kulia uliungua vibaya, madaktari wakataka kuukata, naye akakataa. Katika mkono wa kushoto, kidole cha pete na kile cha mwisho vilijikunja na kukosa nguvu. Tangu hapo solo zake alizipiga kwa kidole cha shahada na cha kati, lakini vile viwili vilivyojikunja havikuwa pambo: alipobana kodi za muziki, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, aliviegemeza kwenye nyuzi nyembamba.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kudai kwamba ajali hiyo ndiyo iliyomfanya awe mwanamuziki. Ukweli ni kwamba kabla ya kuungua, akiwa na umri wa miaka 18, tayari alikuwa akilipwa kupiga banjo katika kumbi za dansi za Paris, alikwisha kurekodi akiwasindikiza wapiga akodiani, na kiongozi wa bendi kutoka Uingereza, Jack Hylton, alikuwa amempa nafasi ya kazi. Alichokipata wakati wa matibabu, yaliyochukua takriban miezi 18, ni gitaa aliloletewa na mdogo wake Joseph, pamoja na muda mrefu wa kujifunza upya. Kwa kuwa vidole vinne havikuweza tena kugawana kazi kutoka uzi mmoja hadi mwingine, alijizoeza kuvikimbiza viwili kupanda na kushuka urefu wote wa shingo ya gitaa. Anayesema kwamba ulemavu ulimpa kipaji anaufuta mwaka mzima na nusu wa mazoezi.

Kwamba alikuwa Mfaransa kwa kuzaliwa si kweli, ingawa aliishi Ufaransa sehemu kubwa ya maisha yake; wazazi wake walikuwa Wamanouche, tawi mojawapo la Waroma, jamii ya Ulaya ambayo wengi huiita Wajipsi. Kwamba hakujua kusoma nota ni kweli, lakini anayehitimisha kuwa kwa hiyo hakuujua muziki kwa undani atapata shida kueleza rekodi ya mwaka 1937, ambapo Django alishirikiana na wapiga fidla Stéphane Grappelli na Eddie South katika kazi ya Bach, mtunzi wa Kijerumani wa muziki wa klasiki.

Wengi pia humfahamu kupitia kundi moja tu, Quintette du Hot Club de France, lililoundwa mwaka 1934 likiwa na fidla ya Grappelli, magitaa matatu na besi, bila dramu wala tarumbeta. Mdundo ulibebwa na magitaa mawili ya rithimu, jambo ambalo msikilizaji aliyezoea bendi za dansi za kwetu atalitambua upesi kuwa si dogo. Vita vilipoanza Septemba 1939 kundi lilikuwa London. Grappelli alibaki huko, Django akarudi Paris, akaweka klarineti ya Hubert Rostaing mahali pa fidla na kuongeza dramu, na mwaka 1940 akarekodi kibao chake «Nuages». Umaarufu ulimsitiri kwa kiasi wakati Wanazi walipokuwa wakiwaua Waroma, lakini si sahihi kudhani kwamba aliishi bila hofu: mwaka 1943 alijaribu kukimbilia Uswisi, akashindwa.

Safari yake ya Marekani mwaka 1946, akiwa na okestra ya Duke Ellington, husimuliwa kana kwamba yote ilikuwa usiku mmoja aliochelewa kufika Carnegie Hall, ukumbi wa muziki jijini New York. Kuchelewa alichelewa, wala sioni sababu ya kumtetea, ila usiku uliotangulia alikuwa jukwaani, na alipiga pia katika miji mingine.

Dhana inayoniudhi zaidi ni ile inayomfungia katika gitaa kavu na miaka ya 1930, kana kwamba baada ya hapo alikuwa akijirudia. Katika miaka yake ya mwisho alipiga gitaa la umeme na vijana wa bibopu, mtindo wa jazi ulioibuka miaka ya 1940, waliokua wakisikiliza rekodi zake. Aprili 1953 aliingia studio pamoja na mpiga piano kijana Martial Solal, na sauti ya gitaa lake katika rekodi hizo ni nzito, ya umeme, isiyo na haraka. Mei 16 alifariki kwa kiharusi akiwa na umri wa miaka 43.