Captain Alex: diski nisiyoweza kuiachia

Kwenye muvi zote za ngumi nilizokusanya kuna moja siuzi hata uje na hela gani, Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010 na jamaa anaitwa Nabwana I.G.G. kwa bajeti inayosemekana ilikuwa kama dola 200 tu.

Sisi tumekua tukijua steringi hafi, si ndiyo? Sasa hapa Captain Alex anawasaka Tiger Mafia, genge la wahalifu, ushampenda, mara anakutwa amekufa na muvi bado mbichi kabisa! Anakuja ndugu yake Bruce U, mtu wa Shaolin, mateke juu mateke chini, na mpaka inaisha hujui nani kaua. Bunduki ni vyuma chakavu, damu ni rangi ya chakula imejazwa kwenye kondomu, helikopta inayolipua majengo ya Kampala ni ya kompyuta aliyoiunga Nabwana mwenyewe. Nikiona ile helikopta huwa nasimamisha picha niitazame tu, maana mtu kakaa peke yake na umeme wa kukatikakatika akaitengeneza.

Ila utamu wenyewe ni sauti ya VJ Emmie, yaani msimuliaji wa muvi. Kama umewahi kukaa kibanda umiza ukamsikia Lufufu au DJ Afro wa Kenya basi unaijua hii kitu, mtu anaongea juu ya muvi mwanzo mwisho, anashangilia, anamtania adui, anakuamsha ngumi zikikaribia. Na hapa wakusanyaji wenzangu sikilizeni vizuri: Nabwana alifuta mafaili ya awali kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza muvi nyingine, kwa hiyo ile isiyo na VJ ilishapotea, iliyobaki ndiyo hii yenye sauti ya Emmie. Mtu akikwambia anauza orijino bila VJ, shika hela yako.

Mwanzoni DVD waliuza wenyewe mkononi, mtaa kwa mtaa, wakikimbizana na maharamia wa kukopi, ndiyo maana ukiipata ya wakati ule itunze kama yai. Ukiikosa tafuta Blu-ray ya 2019 ya AGFA, shirika la Marekani la kuhifadhi muvi, imewekwa pamoja na Bad Black, muvi nyingine ya Nabwana, na usilalamike picha ya Captain Alex haijakolea, hakuna nakala bora zaidi ya hiyo, washa spika kubwa umsikie Emmie.