Chini ya Sinki Si Stoo: Tunayoyaamini na Ukweli Wake

Julai iliyopita fundi wa mabomba alipiga magoti jikoni kwangu, South B, Nairobi, akaanza kutoa vitu chini ya sinki kabla hata ya kufungua mkoba wake. Pakiti mbili za unga. Chupa saba za sabuni na dawa. Viazi vya wiki iliyotangulia. Sufuria kubwa ya wageni. Alipofika chini kabisa akaubonyeza ubao wa kabati kwa kidole, na kidole kikazama.

"Mama, hii haikuanza kuvuja jana," akaniambia. "Ina miezi. Ni vile vitu vimeifunika."

Nilikuwa nimelipanga kabati lile kwa bidii, vikapu vimefuatana kwa ukubwa, na mpangilio huohuo ndio ulionifichia bomba. Tangu siku hiyo nachungulia chini ya sinki kila ninakotembelea, kwa dada yangu kule mtaa wa Umoja, kwa majirani, na imani ninazozikuta ni zilezile. Nyingine zinaharibu ubao tu. Nyingine zinaua.

"Vitu vikitoshea na mlango ukifunga, pamepangika"

Pale pamejengwa kwa ajili ya mabomba. Sisi tunaazima nafasi inayobaki. Mna koki ya kufungia maji, mna viungo vya plastiki vinavyokazwa kwa mkono, na mna bomba la maji machafu lililopinda, au lenye kikombe cha kufungua chini yake. Viungo hivyo vina mipira ndani, na mpira huchakaa. Ukiisukuma sufuria nzito hadi nyuma kila Jumapili, iko siku itakigonga kikombe kile na kukilegeza.

Siku hizi naacha viganja viwili kuzunguka bomba bila kitu, na koki naifikia bila kuhamisha chochote. Bomba likipasuka usiku, nani ana muda wa kutoa chupa saba kwanza? Ukishuku panavuja, kausha viungo vyote kwa kitambaa, zungushia kila kimoja tishu kavu, kisha jaza sinki maji na uyaachilie kwa mkupuo mmoja. Tishu itakayolowa imekuonyesha mahali.

Na hapa Nairobi tuna mgao wa maji. Mtu anafungua mfereji mchana, anaukuta mkavu, anausahau wazi. Maji yanarudi saa tisa usiku, vyombo vimeziba tundu la sinki, na asubuhi kabati limeoga. Kwa sababu hiyo vitu vyangu vyote sasa vimekaa juu ya trei pana ya plastiki yenye kingo. Tone likidondoka nalikuta kwenye trei, halijapata nafasi ya kuingia kwenye ubao.

Maana ubao nao tunaudhania mambo. Ngozi ile nyeupe inayong'aa haipitishi maji, ni kweli, lakini kingo zake na matundu ya skrubu yanayanywa, na ndani ni unga wa mbao ulioshikishwa kwa gundi. Ukishavimba haurudi ulivyokuwa.

"Mtungi wa gesi unafichika vizuri pale"

Hapa nawaomba msisome haraka.

Katika fleti nyingi fundi wa makabati anatoboa tundu ubavuni, anapitisha mpira wa gesi, na mtungi wa kilo 13 unakaa chini ya sinki mwaka hadi mwaka. Jiko linapendeza, hilo sibishi. Ukiuliza kuhusu usalama unaambiwa kabati linapumua, kwani limetobolewa pale juu.

Gesi ya kupikia ni propani na butani. Propani ina uzito wa karibu mara moja na nusu ya hewa, butani karibu mara mbili. Ikivuja haipandi darini; inateremka na kutulia sakafuni kama maji kwenye karai. Ndani ya kabati lililofungwa inajikusanya taratibu, na tundu la juu haliitoi. Ile harufu kali unayoijua si ya gesi yenyewe. Gesi haina harufu. Huongezewa makusudi ili pua itustue mapema. Ukiufungia mtungi kabatini umeifungia na harufu hiyo humo, mpaka siku utakayofungua mlango huku chakula kikiwa motoni hatua moja kutoka hapo. Tena maji yanayodondoka yanakila kitako cha mtungi kwa kutu, na kutu hiyo huioni.

Mtungi usimame wima, mahali peupe penye hewa, mbali na moto na mbali na tundu la maji machafu la sakafuni, kwa sababu gesi huteremkia humo pia. Kona iliyo wazi, hata kama haipendezi wageni, inashinda kabati. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye regyuleta na kwenye mpira. Mapovu yakifura, inavuja. Ukinusa gesi, funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiguse swichi yoyote iwe kuwasha au kuzima, kisha toka na watoto nje.

"Dawa za usafi zote ni za familia moja, zikae pamoja"

Jik na dawa nyinginezo za kung'arishia nguo zina haipokloraiti, kemikali yenye klorini. Dawa nyingi za kusafishia choo ni asidi. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumiwa kama silaha karibu na Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Si lazima mtu azichanganye kwenye ndoo. Vifuniko viwili visivyokazwa, chupa mbili zilizolala kwenye kikapu kimoja, na sehemu isiyo na hewa, hapo maji yao yanaweza kukutana. Hata bila ya kukutana, mvuke wa asidi unashambulia chuma, kwa hiyo ukiona kutu kwenye tumbo la sinki la stenlesi usilaumu sinki pekee. Dawa ya choo ikae chooni, juu, asikofikia mtoto.

Linaloniumiza zaidi ni chupa za soda. Tunanunua sabuni ya maji ya kupima, klorini ya kupima, mafuta taa ya kupima, vyote kwenye chupa ambazo mtoto anazijua kwa utamu. Kisha tunaviweka chini ya sinki, mahali pekee jikoni palipo sawa na kimo cha mtoto wa miaka miwili. Pazia si mlango, na mlango usio na komeo si kizuizi. Kama lazima upimiwe, nenda na chombo ambacho hakijawahi kuwa cha kinywaji, ukiandike kwa kalamu nene, ukiweke juu.

Kuna na hii ya kumtapisha mtoto au kumnywesha maziwa akishakunywa sumu. Usimtapishe. Mafuta taa yakipanda tena yanaweza kuingia mapafuni, na dawa ya kuzibua mabomba itamchoma koo mara ya pili. Maziwa nayo hayaondoi sumu. Mpeleke hospitali mara moja, na uibebe ile chupa yenyewe ili daktari aione.

"Unga na viazi vinapenda giza"

Giza, ndiyo, unyevu, hapana. Viazi vikikaa kwenye unyevu vinaoza, na kimoja kinaambukiza gunia zima. Vitunguu vilevile. Hayo ni ya kawaida na kila mmoja wetu ameshayanusa.

Unga ndio unaonitia wasiwasi. Pakiti ya karatasi inavuta maji kutoka kwenye ubao uliolowa, unga unafanya mabonge, na mama mwenye nyumba anaanika, anachekecha, anapika. "Moto unaua kila kitu," tunasema. Moto unaweza kuua kuvu, lakini sumu ambayo baadhi ya kuvu huiacha, aflatoksini, haiondoki kwa kupika ugali. Kenya tulilipa kwa somo hili mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui: mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao wakafariki. Yalikuwa mahindi ya ghalani, si pakiti ya jikoni, lakini kuvu haijali ni ghala au kabati. Kwa jicho huwezi kujua bonge lako lina kuvu ya aina gani. Mimi nilizitupa zile pakiti mbili, na iliniuma kwa bei ya unga ilivyo. Unga sasa uko kwenye ndoo yenye kifuniko, juu ya rafu.

"Harufu na mende ni uchafu tu"

Uchafu unachangia, lakini mende wadogo wa kahawia wanafuata maji kabla ya chakula. Unaweza kuosha kabati kila siku. Kiungo kikitona usiku, umewawekea kisima. Kaza kiungo, kisha ziba kwa saruji au silikoni lile pengo ambalo bomba linapenya ukutani, kwa kuwa ndiyo njia yao ya kutoka kwa jirani.

Kuhusu harufu, bomba lile limepindwa ili maji kidogo yabaki humo na kuzuia hewa ya mtaro isipande. Ukienda ushago wiki kadhaa yanakauka, na unarudi unalaumu matambara. Mwaga maji vikombe viwili kwenye sinki, subiri, kisha ndipo uanze kutafuta panya aliyekufa.

"Lazima ununue vikapu maalumu"

Hapana. Kabla ya Agosti 28, 2017, siku mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, kila sinki Nairobi lilikuwa na mfuko uliojaa mifuko. Leo ni rundo la mifuko ya kitambaa, na lenyewe ni robo ya nafasi. Bakisha mitano, nyingine igawe, na utashangaa ulivyopata pa kuweka ndoo.

Kwa sinki lisilo na kabati, kama yale ya bedsita nyingi, pazia lizuie vumbi tu. Vya hatari viwekwe juu. Ukitaka rafu, mafundi wa jua kali wa Kamukunji watakukunjia ya chuma kwa vipimo vyako. Lakini pima kutoka sakafuni hadi chini ya kile kikombe cha bomba, si hadi chini ya sinki, kisha punguza viganja viwili ili mkono wa fundi upite. Mwambie pia aiache bila mgongo, ndipo utauona ukuta na bomba kila ukifungua mlango kuchukua sabuni.