Nilichouza Nilipouza Riwaya Yangu ya Kwanza

Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na kurasa 268 nilipoupeleka kwa mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam. Mhariri aliyenipokea hakuniuliza hadithi inahusu nini, bali inafaa kidato gani. Nilikereka, kwani nilikuwa nimewaandikia watu wazima, lakini leo, baada ya miaka kadhaa ya kuwasaidia waandishi wenzangu kusoma mikataba yao, nakiri kwamba swali lile lilikuwa la haki. Soko la riwaya za Kiswahili hubebwa zaidi na shule, na kitabu kisicho na ithibati ya kutumika shuleni, ambayo kwetu hupitia Taasisi ya Elimu Tanzania, hutegemea maduka machache ya mijini na wasomaji wanaonunua kwa hiari yao. Anayelipia uhariri, usanifu wa jalada na kazi ya kiwanda cha chapa kabla nakala moja haijauzwa ni mchapishaji; si ajabu akaulizia wanunuzi kwanza.

Huku kwetu mwandishi hana wakala wa kumpelekea mswada, kama ilivyo kawaida London au New York, hivyo niliubeba mwenyewe. Wachapishaji wawili hawakunijibu. Wa tatu alisema ameupenda, kisha akanitaka nilipie gharama zote za uchapaji. Huyo, kwa maoni yangu, ni mpiga chapa aliyejivika joho la mchapishaji. Wapo pia wanaopitia mlango wa tuzo: ile ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na baadaye kuitwa Safal-Cornell, hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Mimi sikushinda kitu.

Mchapishaji wa nne alikubali, na mkataba wake ulinifundisha kuliko barua zote za kukataliwa. Nilidhani nauza riwaya. Kumbe riwaya hubaki yangu, maana hakimiliki humwangukia mtunzi tangu kazi inapoandikwa, na kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimlazimu kuisajili kwanza ili ailinde. Anachompa mchapishaji ni ruhusa, nayo hukatika vipande vingi: kuchapa kwenye karatasi, kuuza kitabu pepe, kurekodi kitabu cha kusikiliza, kutafsiri, kutengeneza filamu. Mkataba wangu ulivikusanya vyote katika sentensi moja, pamoja na maneno “kwa muda wote wa hakimiliki”, muda ambao kwa sheria hiyo ni uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mchapishaji asiye na studio wala mfasiri alikuwa anaomba funguo za vyumba ambavyo hakuwa na nia ya kuviingia.

Kisha kuna mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa. Nilisoma “asilimia 10” nikafurahi, nikasahau kuuliza ni asilimia 10 ya nini. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 15,000 dukani. Mrabaha ukikokotolewa kwa bei hiyo, mwandishi hupata shilingi 1,500 kwa kila nakala. Ukikokotolewa kwa fedha inayomfikia mchapishaji baada ya kumpa mwenye duka punguzo la asilimia 40, hupata shilingi 900. Kwa nakala 2,000 tofauti hiyo ni shilingi 1,200,000, na yote imejificha nyuma ya neno “mapato”, ambalo mkataba wangu haukulifafanua popote.

Kipengele cha kurejeshewa haki ndicho ambacho waandishi wapya hukiruka, pengine kwa sababu ni vigumu kufikiria mwisho wa kitabu ambacho hakijazaliwa. Zamani ilitosha kuandika kwamba haki zitarudi kwa mwandishi nakala zikiisha na mchapishaji asichape tena. Siku hizi nakala za kitabu pepe hazimaliziki, kwa hiyo maneno yale yale humfunga mwandishi daima. Ni salama zaidi kutaja idadi ya mauzo kwa mwaka ambayo, kitabu kikishuka chini yake, haki zinarudi.

Nilirudi kwa mchapishaji nikiwa na mambo matatu. Haki za filamu na tafsiri aliniachia bila ubishi, na kurejeshewa haki tulikuandika upya mezani pale pale. Kuhusu mrabaha hakutikisika, akasema ndivyo anavyowalipa waandishi wake wote, nami nikatia saini.