Keki ni desturi, si mila

Kwenye sendofu moja juzijuzi, mshereheshaji alishika maiki akatangaza: "Sasa, kwa mila zetu, bibi harusi mtarajiwa anakata keki!" Meza ya wazee ikapiga makofi. Mimi nikabaki na uma hewani. Keki ya krimu ya ghorofa tatu imekuwa mila ya nani?

Mila ni mambo ambayo jamii imeyashika kizazi hadi kizazi, na kuyavunja huhesabika kosa. Basi. Shida ni kwamba tumeizoea kwa jozi, "mila na desturi", mpaka tukadhani ni kitu kimoja kilichopewa majina mawili.

Hata ukoo wao ni mbalimbali. Mila imetoka kwenye milla ya Kiarabu, neno lililo jirani na dini. Kurani inataja mila ya Ibrahimu. Ilipofika kwetu haikuuacha uzito huo. Ndiyo maana mwacha mila ni mtumwa, ila mwacha desturi ni mtu aliyebadili ratiba tu. Desturi chimbuko lake ni Kiajemi, ikapitia Kiarabu, na Mwarabu wa leo akisema dustur anamaanisha katiba. Chama cha Neo Destour cha kina Habib Bourguiba, kilichoundwa Tunisia mwaka 1934, jina lake lilikuwa la katiba, si la ngoma za asili. Kwetu neno hilo likashuka cheo likawa mazoea. Jirani yangu ana desturi ya kufagia uwanja kabla ya adhana ya alfajiri. Ni desturi yake yeye. Mila haiwi ya mtu mmoja. (Ada ndiyo imeporomoka zaidi: kwa Kiarabu ni mazoea, kwetu sasa ni pesa ya shule.)

Jadi nayo inabebeshwa yasiyo yake. Jadd ni babu, kwa hiyo cha jadi sharti kiwe kimepitia mikononi mwa babu, na babu yangu krimu hakuijua.

Kilichonichekesha zaidi kilikuja baadaye. Ikaingizwa ndafu, mbuzi mzima wa kubanikwa, majani mdomoni, kitu ambacho Wachaga wana haki ya kukiita mila. Mshereheshaji yuleyule: "Na hii sasa ni keki ya Kichaga!"

Wakati wa kuondoka nilimsogelea nikamwambia polepole: "Mwanangu, umesherehesha vizuri. Ila siku nyingine ile ya krimu iite desturi, na mbuzi umwite ndafu."