Ukurasa wa mtandaoni hautandiki kitanda: dhana potofu kuhusu kuchuja waombaji wa kazi za hoteli

Kila mwaka masika yakielekea kwisha, hoteli za Paje, Kiwengwa na Nungwi, hapa Zanzibar, huanza kutafuta watu kwa ajili ya msimu wa Julai. Maombi huja kwa barua pepe, huja kwa WhatsApp, na mengine bado huletwa getini ndani ya bahasha ya kaki. Mimi nilianza kama mhudumu wa vyumba, na sasa ni mwaka wa tisa nakaa upande wa wanaosaili. Ninachokiona siku hizi kinanisikitisha: bahasha haijafunguliwa, mtu ameshatafutwa Facebook na Instagram, na ameshahukumiwa. Wafanyakazi wazuri wanaachwa hivyo, na hawaambiwi kwa nini.

Dhana: Asiyeonekana mtandaoni ana jambo anaficha

Hii ndiyo inayowaumiza wengi zaidi, hasa wahudumu wa vyumba, wafuaji na waosha vyombo.

Hoteli nyingi zenye utaratibu zinakataza simu wakati wa zamu, na zinakataza kabisa kuposti picha za wageni au za vyumba vyao. Mtu aliyefanya kazi mahali kama hapo miaka sita na akatii, ukurasa wake utaonyesha nini? Hautakuwa na kitu. Utupu ule unaomtia shaka mwajiri huenda ni alama ya mtu anayejua kutunza siri za mgeni. Wengine wana simu ya tochi tu, au wanatumia WhatsApp na basi.

Kuna msichana wa Makunduchi ambaye mwenzangu kwenye jopo alitaka tumwache kwa sababu jina lake halikuonekana popote. Nilisisitiza tumpe chumba kimoja akitayarishe. Alivuta pazia kwanza, akafungua dirisha. Akainama kutazama chini ya kitanda, akakuta soksi ya mtoto, akaiweka pembeni na kuniuliza vitu vya mgeni vilivyosahaulika vinaandikwa wapi. Alipomaliza shuka, kona zote nne zimekazwa, akachukua foronya akainusa kabla ya kuivika. Nikamwuliza sababu. Akajibu, "Pua ya mgeni ndipo inapolala, dada." Leo ni supavaiza.

Dhana: Mwenye wafuasi wengi anajua kuchangamkia watu

Kwa nafasi ya masoko, sawa, wafuasi ni sehemu ya kazi. Kwa mapokezi, hapana. Kuzungumza na kamera ambayo haikujibu ni jambo moja. Kumpokea mgeni saa tano usiku, ndege imechelewa, begi limebaki Doha, na chumba alichokilipia kina watu, hilo ni jambo jingine kabisa.

Dhana: Wageni wakimtaja kwa jina, hiyo ni hati ya sifa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ni dhana ya tasnia yetu wenyewe. Mwombaji anatuma picha za maoni ya TripAdvisor au Google yenye jina lake, na jopo linalainika.

Anayetajwa ni yule mgeni anayemwona. Weita, mtu wa baa, mapokezi, vijana wa michezo ya ufukweni: hao majina yao yako kifuani na wanakaa na mgeni kutwa. Mpishi wa zamu ya alfajiri hatajwi. Mfuaji hatajwi hata siku moja, ingawa mgeni asingerudi kama taulo zingekuwa na harufu. Tena yapo mahoteli, hasa ya olinklusivu (mgeni analipia chakula na vinywaji pamoja na chumba), ambako wafanyakazi wanasukumwa kuwaomba wageni wawataje, na anayetajwa sana mwisho wa mwezi anapewa zawadi. Hapo idadi inakuonyesha nani hodari wa kuomba. Na jina lenyewe je? Hoteli moja ina akina Juma wanne, na wengine wanatumia majina ya kazi kama Simba na Kapteni.

Sisemi maoni hayo yatupwe. Yasomwe kwa kilichotendwa. "Juma the best" hayakuambii kitu. Mgeni akiandika kwamba siku ya pili weita alikumbuka kwamba mke wa mgeni huyo hali karanga, akaenda mwenyewe jikoni kuuliza kuhusu mchuzi, hapo una cha kumwuliza mtu kwenye usaili: tueleze siku ile ilikuwaje. Aliyekuwepo ataeleza mpaka rangi ya bakuli.

Dhana: Picha zake binafsi zinanionyesha tabia yake kazini

Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Chad Van Iddekinge na wenzake nchini Marekani. Watu wanaoajiri walipewa kurasa za Facebook za wanafunzi waliokuwa wakitafuta kazi, wakazipa alama. Baadaye wakaulizwa wasimamizi wa wale vijana makazini. Alama zile hazikulingana na utendaji, wala hazikubashiri nani angeacha kazi. Kilichoonekana ni kwamba zilielekea kuwapendelea wanawake na Wazungu.

Naamini matokeo hayo kwa sababu nimeyaona kwenye meza yetu. Mtu anafungua ukurasa kutafuta "nidhamu", anachokutana nacho ni hijabu, au msalaba, au tumbo la miezi sita, au jina la ukoo linalosema mtu ni wa kabila gani. Akishaviona hawezi kujifanya hakuviona. Na hayo ndiyo hasa sheria inayoyakataza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ya Tanzania Bara, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa dini, kabila, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na mengine, na inamhesabu mwombaji kazi kama mwajiriwa katika jambo hilo. Kenya imesema hivyo kwenye kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira ya 2005, nayo haijaruhusu ubaguzi.

Picha ya kijana akicheza muziki harusini haikuambii kama atafika zamu ya saa kumi na mbili asubuhi. Mwulize aliyekuwa bosi wake.

Dhana: LinkedIn ni ya kikazi, kwa hiyo ni ya kweli

Anayeijaza ni mwenye nayo. Vyeo vinakua, miezi mitatu ya fildi inakuwa miaka miwili ya kazi, na picha za sahani za mpishi unaweza kuzikuta kwenye tovuti ya mgahawa wa nchi nyingine. Pigia hoteli aliyoitaja kwa namba ya hoteli yenyewe, si ile aliyokupa. Cheti ulizia chuoni kilikotoka, iwe ni Chuo cha Taifa cha Utalii, chuo cha ufundi cha VETA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) au chuo cha Utalii cha Nairobi.

Dhana: Kilicho hadharani ni cha kila mtu

Ukipiga picha ya skrini ya ukurasa wa mwombaji na kuiweka kwenye faili, umekusanya taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Zote zinataka uwe na sababu halali na uchukue kile tu unachokihitaji. Kumwomba mwombaji nywila, au kumtaka afungue simu mbele yako, ni kumdhalilisha.

Kwetu sasa mitandao inafunguliwa mwisho, baada ya majina ya usaili kupangwa. Anayeifungua hayumo kwenye jopo. Anatazama kurasa za kikazi tu, na analeta mambo yanayohusu kazi peke yake. Mwombaji akiulizwa kuhusu kitu kilichoonekana, anapewa nafasi ya kukieleza. Baada ya hapo ni jaribio la vitendo: chumba, trei au jiko, dakika 30. Na kwenye tangazo tumeongeza mstari mmoja, ambao tangu uwekwe bahasha za kaki zimeongezeka getini: "Kutokuwa na akaunti mtandaoni hakumpunguzii mwombaji alama."